Sura ya Tisa: Zima, Uwashe

"Karibu, dada yangu, karibu, kiti hicho hapo," alisema Mkuu wa Mtandao, bila kujisumbua kuinuka.

Inspekta hakukaa. Alikuwa na kaka watatu, na huyu hakuwa mmoja wao. Alisimama katikati ya zulia akaikagua ofisi kama mtu aliyeletwa na dalali kuona nyumba asiyoitaka. Kiyoyozi kilikuwa kikali kiasi cha kutunzia samaki. Ukutani kulikuwa na picha kumi na moja za Mkuu akipeana mikono na watu, na katika zote kumi na moja ni yeye tu aliyeitazama kamera. Wafanyakazi walimwita Daktari, kwa agizo lake mwenyewe. Inspekta alikuwa amekitafuta kwenye simu chuo kilichompa udaktari huo alipokuwa ndani ya lifti, na kabla hajafika ghorofa ya nne alishajua kwamba chuo chenyewe ni picha ya jengo la watu wengine na namba ya WhatsApp.

Mezani kulikuwa na kikombe cha kioo kilichochongwa maneno: SIKU 400 ZA UTULIVU.

"Hiki ni cha nini?"

"Tuzo," alisema Daktari, na sauti ikamlainika. "Siku mia nne bila badiliko hata moja kwenye mtambo mkuu. Kampuni nzima hakuna mwingine. Badiliko ni hatari, dada. Kwa hiyo kila badiliko lina fomu, na kila fomu inapita kwangu."

"Na fomu ngapi zimepita?"

"Sifuri," alisema kwa fahari.

Inspekta akaandika sifuri.

Jambo lililomleta lilikuwa fupi na baya. Juzi, Jumanne, saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi, wateja laki nane wa kampuni hiyo walipoteza namba ya dharura, na hawakuipata tena mpaka saa sita na dakika thelathini na tatu. Katika muda huo mama mmoja aliipiga mara kumi na tisa akiwa amepiga magoti jikoni kwake, mumewe amelala sakafuni ameshika kifua. Mara ya ishirini hakupiga, kwa sababu haja ilikuwa imekwisha. Jioni ileile Daktari alijipeleka polisi kwa miguu yake, akaandikisha kwamba fundi wa zamu, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, aliharibu mtambo makusudi kwa hasira ya kunyimwa cheo. Fundi alikuwa mahabusu tangu hapo. Leo saa nane mchana angepandishwa kizimbani, na kosa alilotafutiwa adhabu yake ni kifungo cha maisha. Kamanda alimpa Inspekta mpaka saa saba kulisafisha jalada, na kwa Kamanda kulisafisha maana yake ilikuwa kulifunga.

"Ushahidi wote huu hapa," Daktari akasema, akasukuma karatasi moja iliyopakwa wino wa njano kwenye mstari mmoja. "Mtambo unaandika kila amri, saa yake na jina la aliyeitoa. Soma hapo penye njano."

Inspekta akasoma. Jina lilikuwa la fundi. Amri ilikuwa ya kuondoa njia ya namba ya dharura.

"Kaiondoa kwa mkono wake," Daktari akasema. "Kwanza kauzima mtambo na kuuwasha bila kumuuliza mtu, halafu kaiondoa njia. Kiburi tu. Mimi ndiye niliyeirudisha."

"Uliirudishaje?"

"Kitaalamu."

"Nieleweshe kama mtoto."

Hilo lilimfurahisha. "Mtambo una faili lake la kuwashia. Kila kitu tulichoupangia kimehifadhiwa humo. Ukiharibiwa, unarudisha lile faili, mambo yanakaa sawa. Kwenye mtandao wangu hakuna kitu ambacho hakijahifadhiwa."

"Hapa penye njano panasema saa sita na dakika thelathini na moja. Namba ilikufa saa tano na dakika kumi na mbili."

Daktari akakohoa. "Mtambo wakati mwingine unachelewa kuandika."

"Saa nzima na zaidi?"

"Wakati mwingine."

Inspekta akaandika na hilo, neno kwa neno, kwa sababu uongo wa mtu mwenye cheo ni kitu cha kutunzwa vizuri. Kisha akaona maandishi madogo chini ya karatasi: ukurasa wa 2 kati ya 3.

"Wa kwanza na wa tatu ziko wapi?"

"Hazina umuhimu, dada. Nimekupunguzia usumbufu."

"Afande," Inspekta akamsahihisha, na akatoka bila kuaga.

Chumba cha mitambo kilikuwa chini, hakina zulia wala picha. Mtambo mkuu ulikuwa kabati jeusi refu kuliko mtu, taa za kijani zinapepesa, feni zinavuma hata watu wakawa wanazungumza kwa kupaza sauti. Mbele yake alikaa msimamizi wa zamu, kijana mnene mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Ofisini walimwita Blututhi, kwa sababu akiwekwa mbali na Mkuu kwa zaidi ya mita kumi, anakatika.

"Nataka kurasa zote tatu za Jumanne," Inspekta akasema.

"Mkuu ameruhusu?"

"Unataka niende nikamwambie Mkuu kwamba umekataa kumsaidia polisi, au nikamwambie polisi kwamba Mkuu ndiye aliyekukataza?"

Blututhi alipiga hesabu, na kila njia aliyopita ilimfikisha kubaya. Akazichapa.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mistari michache. Saa tano na dakika tano, Blututhi ameingia kwenye mtambo. Saa tano na dakika kumi, fundi ametoa amri ya kuzima na kuwasha. Dakika mbili baadaye mtambo ukaamka, na tangu hapo namba ya dharura ikawa haipatikani.

"Wewe uliingia dakika tano kabla yake," Inspekta akasema. "Uligusa nini?"

"Mimi?" Blututhi akasukuma kiti nyuma. "Mimi sijagusa kitu, Afande!"

"Jina la nani hili?"

"Langu, lakini..."

"Na kile cheo alichonyimwa fundi, alipewa nani?"

Jasho jembamba likamtoka Blututhi kwenye baridi ile. Inspekta akamkalia kooni. Alimuuliza nani anajua neno lake la siri, alikaa wapi, alibonyeza nini, kwa nini jina lake halionekani likitoka. Ilichukua dakika arobaini, na ndani ya dakika hizo Inspekta alianza kuamini kwamba amempata mtu wake. Mwishowe Blututhi, akikaribia kulia, aliigeuza skrini na kumwonyesha mstari mmoja wa juu. Mbele ya jina lake mtambo ulikuwa umeandika daraja la ruhusa zake: MTAZAMAJI.

"Naangalia tu, Afande. Sina uwezo wa kubadilisha hata nukta. Wenye ruhusa ya kubadilisha ni fundi na Mkuu, na Mkuu hata neno lake la siri ameshalisahau."

"Sasa kila asubuhi unaingia kufanya nini?"

Akainamisha kichwa. "Mahudhurio. Ukiingia kwenye mtambo, jina linajiandika kwamba umefika kazini."

"Halafu?"

"Halafu nakwenda kunywa chai."

Inspekta akafunga daftari. Dakika arobaini zake zilikuwa zimeliwa na mtu anayekuja kazini kuandikisha jina. Na huyu asiyeruhusiwa kugusa chochote ndiye aliyepewa cheo cha kuwasimamia wanaogusa.

"Nani alimwambia fundi azime?"

"Alipigiwa simu."

"Na nani?"

Blututhi akatazama dari, upande wa ghorofa ya nne, kisha akajitia kutafuta kalamu. "Sijui, Afande."

"Asante," Inspekta akasema. "Umenisaidia kuliko ulivyotaka."

Kituoni, kwenye benchi la nje, mama yake fundi alikuwa amekaa na mfuko wa nguo mapajani, palepale alipokuwa tangu jana. Inspekta alimwamkia, mama akaitikia bila kumtazama. Fundi mwenyewe alitolewa mahabusu akiwa peku, kanga ya mtu mwingine mabegani. Kabla hajakaa, aliuliza swali moja.

"Afande, wamesevu?"

"Wamesevu nini?"

"Mungu wangu. Hawajasevu."

"Kaa. Mimi ndiye ninayeuliza. Nani alikwambia uzime mtambo?"

"Mkuu. Alinipigia, alikuwa na mkutano na wakurugenzi, ripoti yake ilikuwa haifunguki upesi. Akasema zima uwashe, kama televisheni. Nikamwambia Mkuu, tusevu kwanza. Akasema fomu iko wapi? Nikamwambia fomu nimekuletea mara tatu mwaka huu, ziko kwenye droo yako. Akasema nisimfundishe kazi." Alijifuta pua kwa pindo la kanga. "Nikabonyeza. Nilijua, Afande, na nikabonyeza. Ningekataa angenifukuza, na mimi nina mtoto. Sasa mtoto mwenyewe ameambiwa darasani kwamba mama yake ni muuaji."

"Nieleze kusevu ni nini. Polepole. Juzi ulimweleza askari akaandika kwamba mtuhumiwa anabwabwaja."

Fundi alifikiri kidogo. "Chukulia ratiba ya shule. Kuna ile ya ubaoni na kuna ile ya kwenye daftari la mwalimu mkuu. Watu wanafuata ya ubaoni. Ukibadilisha kitu ubaoni, kinaanza kazi palepale. Lakini ubao ukifutwa, mtu analichukua daftari na kunakili upya. Mtambo ndivyo ulivyo. Amri unazoandika zinakaa kwenye kumbukumbu, zinafanya kazi hapohapo. Ukizimwa, kumbukumbu inafutika, na ukiamka unasoma faili la kuwashia. Kusevu ni kunakili ubao kwenye daftari. Sisi mwaka mzima na zaidi tunaandika ubaoni tu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kubadilisha ubaoni hakuna fomu, ila kusevu kuna fomu. Na fomu ikisainiwa inahesabiwa badiliko. Na Mkuu alikuwa anahesabu siku zake zisizo na badiliko."

Inspekta aliacha kuandika. Alikumbuka sifuri aliyoiandika asubuhi na fahari iliyotamkwa nayo. Akarudi ukurasa wa asubuhi, akaizungushia duara.

"Namba ya dharura."

"Kituo cha dharura kilihamia jengo jipya miezi tisa iliyopita. Mimi ndiye niliyeielekeza njia mpya. Ubaoni. Jumanne mtambo ulipoamka, watu hawakujua kilichoharibika, kila mtu anapiga kelele. Mimi nikaipiga ile namba kwa simu yangu. Ikawa inaita."

"Inaita?"

"Inaita vizuri tu. Haipokelewi. Hapo ndipo nilipojua tumerudi zamani. Ila kabla sijafungua mtambo niandike upya, Mkuu alinizuia, anataka kwanza aitishe kikao. Saa nzima nimesimama nje ya kikao, Afande. Mwishowe nikaingia bila ruhusa. Nikaondoa njia ya zamani, nikaweka mpya. Dakika mbili. Nikaomba kusevu, akakataa. Jioni akaniletea polisi." Akamshika Inspekta mkono bila kujua anamshika nani. "Mpaka sasa ni ubaoni tu. Umeme ukikatika na jenereta ikachelewa sekunde chache, simu zinarudi kulekule. Hata mimi mkinifunga, mwambieni mtu asevu."

Inspekta alimwangalia mtu anayekabiliwa na kifungo cha maisha akihangaikia mtambo. Kisha akageuza daftari. Kama njia ingefutwa, namba isingeita kabisa. Namba iliita, kwa hiyo mahali fulani kulikuwa na simu iliyolia, na simu ikilia mtu husikia.

Jengo la zamani la kituo cha dharura lilikuwa mitaa mitatu tu kutoka hapo. Sasa lilikuwa stoo ya viti vibovu. Mlinzi alimfungulia akitafuna kitu, akampeleka ukumbini. Viti vilirundikwa mpaka madirishani, na kwenye meza ndefu ya ukutani simu sita nyeusi zilikuwa bado zimechomekwa, kwa sababu waliohama hawakukumbuka kuzikata.

"Jumanne ulikuwepo?"

"Jumanne acha tu, Afande. Hizo simu zilitaka kunipasua kichwa. Zote sita kwa pamoja, kuanzia kwenye saa tano na kitu. Nikasema, hawa si walihama? Nikatoka nikakaa nje kwenye kivuli."

"Hukupokea hata moja?"

"Si kazi yangu hiyo. Mimi nalinda viti."

"Ziliacha saa ngapi?"

"Saa sita na nusu imepita kidogo. Nilikuwa nakula." Mlinzi akameza alichokuwa akitafuna. "Ila ile ya mwisho pale dirishani ilikuwa haichoki. Inakatika, inaanza tena. Inakatika, inaanza. Nilikuwa naihesabu kwa mchezo tu, nikafika kumi na ngapi sijui, ikaacha."

Inspekta aliandika: mara kumi na tisa. Alitembea mpaka dirishani, akanyanyua mkono wa simu ile, akasikia mlio wa laini, hai kabisa, akaurudisha. Kisha akamwambia mlinzi aandike maelezo yote hayo kwa mkono wake na kuweka dole gumba. Mlinzi akauliza kama ataitwa mahakamani, na kama ataitwa, nani atalinda viti. Inspekta akatoka kabla hajamtukana.

Saa sita na robo alisaini hati ya kumpeleka mtuhumiwa eneo la tukio, utaratibu wa kawaida ambao hauhitaji saini ya Kamanda, na ndiyo maana aliuchagua. Saa sita na nusu walikuwa chumba cha mitambo: Inspekta, fundi, askari mmoja, na Blututhi aliyejibana ukutani. Daktari aliteremka kutoka ghorofa ya nne akiwa amevaa koti, kana kwamba kungekuwa na picha.

"Kumleta huyu mharibifu humu ndani ni hatari kubwa," alianza. "Nitazungumza na Kamanda."

"Utazungumza naye sana leo. Kwanza nisaidie kumfunga huyu mwanamke, maana jalada lina upungufu. Ulisema kila kitu kwenye mtandao wako kimehifadhiwa?"

"Kila kitu."

"Na njia ya dharura uliirudisha kutoka kwenye faili la kuwashia?"

"Nimeshasema."

"Vizuri. Basi tuzime mtambo na kuuwasha sasa hivi. Ukiamka na namba ya dharura ikafanya kazi, fundi ni mwongo, anakwenda jela na mimi nakuomba radhi mbele ya hawa. Dakika mbili tu. Toa amri, Daktari."

Rangi ilimtoka fundi usoni. "Afande, hapana! Nilikwambia, watu watakufa!"

"Wewe nyamaza. Daktari, toa amri."

Daktari alitazama kibodi kama kitu kilichokojolewa na paka. "Haya mambo... yana taratibu zake. Mchana watu wengi wanapiga simu."

"Jumanne ilikuwa usiku?"

"Jumanne sikuamuru mimi."

Inspekta akatoa karatasi mfukoni na kuikunjua bila haraka. "Hii nimeipata kwenye kitengo chenu cha kumbukumbu za simu, kwa hati ya polisi. Jumanne, saa tano na dakika saba. Kutoka kwenye simu yako kwenda kwenye simu ya fundi. Sekunde themanini na nane. Wewe unafanya kazi kampuni ya simu, halafu unasema uongo kuhusu simu?"

Daktari aliipokea karatasi, akaisoma, akairudisha.

"Una siku mia nne bila badiliko," Inspekta akaendelea. "Kituo cha dharura kilihama miezi tisa iliyopita. Kilihamaje kwenye mtambo wako bila badiliko? Blututhi, nisomee tarehe ya faili la kuwashia. Kuangalia si unaruhusiwa?"

Blututhi alimtazama Mkuu wake. Safari hii hapakuwa na mita kumi, alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, na bado akakatika. Akasogea kwenye skrini na kusoma tarehe. Ilikuwa ya mwaka uliopita, mwezi mmoja na siku kadhaa zaidi ya mwaka mzima.

"Kwa hiyo hukurudisha chochote kutoka humo," Inspekta akasema. "Humo ndani mna njia ya kwenda kwenye stoo ya viti. Wewe ndiye uliyeufufua mtambo wa mwaka jana, aliyeutengeneza ukamtupa mahabusu, na ukampelekea polisi ukurasa wa kati umeupaka rangi kama mtoto wa chekechea, ukauficha wa tatu wenye jina la fundi akiweka njia mpya. Na toka Jumanne umewaacha watu laki nane hivihivi, umeme ukicheza kidogo wanakufa tena, ili mradi karatasi isiandikwe. Zima basi! Si umesema uko sawa? Zima!"

"Siwezi," alisema Daktari. Sauti ilikuwa ndogo sana, feni zilikaribia kuimeza. "Ukizimwa inarudi njia ya zamani."

"Askari, umesikia?"

"Nimesikia, Afande."

"Andika."

Inspekta akamgeukia fundi na kumwambia samahani kwa kumtisha. Alimwambia pia kwamba asingeruhusu mtu auguse ule mtambo hata kwa bunduki. Kisha akamwambia ahifadhi.

"Bila fomu ni kosa la kufukuzwa," fundi akasema kwa mazoea, akashtuka mwenyewe kusikia alichosema.

"Basi lete fomu."

Blututhi alikimbia kuileta, furaha ya kuwa na kazi imemjaa usoni. Ilikuwa na kurasa mbili, na swali la nne liliuliza: badiliko hili lilifanyika lini kwa mara ya kwanza, na kwa nini halikuhifadhiwa siku hiyo? Inspekta akaiweka mbele ya Daktari pamoja na kalamu, akakaa, kwa mara ya kwanza siku ile. Daktari alijaribu kuandika sababu za kitaalamu. Inspekta akaichana fomu, Blututhi akaleta nyingine. Akajaribu kuandika kwamba lilisahauliwa kwa bahati mbaya. Inspekta akaichana na hiyo. Ya tatu ilikuwa na mistari minne ya ukweli, mwandiko umeyumba, na saini iliyoanza kubwa ikaishia ndogo. Fundi aliisoma yote kabla ya kugusa kibodi. Akaandika amri, mtambo ukauliza kama ana hakika, akajibu ndiyo. Akalifungua faili jipya na kusoma kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka alipoufikia wa namba ya dharura.

"Upo," akasema.

Daktari alipokuwa akitolewa aligeuka mlangoni. "Dada, nina familia."

"Na yule wa jikoni alikuwa nayo," Inspekta akasema, na akampigia Kamanda kumwambia kwamba jalada limeshakuwa safi na mahakamani saa nane atapelekwa mtu mwingine. Kamanda aliuliza mtu gani. Alipoambiwa, akaomba arudiwe jina, kwa sababu naye alikuwamo kwenye mojawapo ya zile picha kumi na moja.

Fundi akaomba kuazima simu. Inspekta alidhani anampigia mama yake pale kwenye benchi, au mtoto. Fundi akabonyeza namba tatu tu na kuiweka sikioni. Iliita mara moja.

"Huduma ya dharura, nikusaidie nini?"

Fundi aliibana simu sikioni kwa mikono yote miwili.

"Haloo? Kuna nini hapo ulipo?"

"Hakuna kitu," fundi akasema. "Nilitaka kujua tu kama mnapokea."

"Dada, hii namba si ya kuchezea!" sauti ikafoka, ikasikika mpaka alipokaa Inspekta. "Kuna watu wanakufa huku, ninyi mnatujaribu! Hamna huruma?"

"Samahani," fundi akasema.

Hakukata. Alingoja mpaka yule wa upande wa pili alipokata mwenyewe, kisha akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati la mtambo, akalia kwa sauti. Inspekta alimwambia askari atoke nje, akafunga mlango.